Sura ya Nne: Macho Mwisho

Nilikaa nusu siku na mchoraji mmoja kwenye banda la Tingatinga, Oysterbay, Dar es Salaam. Alikuwa na makopo sita ya rangi ya mafuta, brashi nne zilizochakaa kila moja kwa namna yake, na turubai lililowambwa kwenye fremu, limeshapakwa rangi ya chungwa tangu jana yake. Akaanza kumchora chui. Kwanza mwili: umbo zima la manjano lisilo na kitu ndani, kama nguo iliyokatwa ikangoja kushonwa. Akaliacha likauke, tukanywa chai. Kisha madoa. Kila doa aliliweka kwa mguso mmoja wa ncha ya brashi, halafu akarudi na rangi ya kahawia, doa dogo juu ya kubwa, mamia kwa mamia, mkono hautetereki na mdomo hauachi soga za mpira. Sharubu, makucha, mkia. Ilipofika alasiri chui alikuwa kamili, ila mahali pa macho palikuwa na mabaka mawili matupu.

“Mbona macho bado?” nikamuuliza.

“Macho mwisho, kaka. Ukiyaweka mapema atakukodolea kazi nzima, humalizi.”

Alikuwa anatania. Lakini alipoyaweka, duara jeupe, duara jekundu, tone jeusi katikati, nilijikuta nimerudisha kiti nyuma kidogo. Muda wote ule nilikuwa natazama picha. Sasa tulikuwa wawili, tunatazamana.

Sura hii inahusu kile kiti nilichokirudisha nyuma. Tukizungumzia wanyama katika sanaa, kwa kawaida tunazungumzia upande mmoja: binadamu anavyomwona mnyama, anavyomtukuza, anavyomtumia kumtisha jirani yake, anavyomuuza. Nataka kuuliza habari za upande wa pili. Ni kazi gani, za brashi au za bisibisi, zilizofanywa na mtu aliyekumbuka kwamba mnyama naye anaona?

Turudi kwa mwenye jina. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini, ambako tembo kuingia shambani ni habari ya njaa. Mtoto wa Tunduru humjua tembo kwa mahindi yaliyolala chini, na humjua chui kwa mbuzi asiyerudi. Ujanani alikwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kisha akafika Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani na bustani kwa afisa mmoja wa Kiingereza, pamoja na vibarua vingine ambavyo mji humpa kijana asiye na cheti. Alipoanza kuchora mwaka 1968 alikuwa na miaka 36. Chuo cha sanaa hakukiona. Ubao wake ulikuwa ule mwepesi wa kuzibia dari, uliokatwa mraba wa kama futi mbili kwa mbili, na rangi zilikuwa zile za kung'aa zinazopakwa baiskeli. Picha ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, duka ambalo wageni wa Oysterbay walikuja kufanya manunuzi yao.

Rangi ya baiskeli ina tabia zake. Hukauka bapa na kumeremeta, wala haikubali kwa urahisi ule mchezo wa kufifisha taratibu kutoka giza kwenda mwanga ambao vyuo hufundisha ili kitu kionekane kina unene. Tingatinga akaupata unene kwa njia nyingine: kwa madoa. Alijaza ngozi nukta na mistari mpaka ikaanza kutembea yenyewe mbele ya macho. Wanawake wa pwani, ambao mwishoni mwa karne ya 19 waliiita nguo yao kanga kwa vile madoa ya miundo ya mwanzo yaliwakumbusha manyoya ya ndege yule, wangeielewa mbinu hiyo bila kuelezwa. Hakuna aliyehitaji kumchora kanga juu ya kitambaa. Madoa yalitosha, na ndege akaja.

Ukiziangalia picha zake za awali, kinachokupata kwanza ni kwamba mnyama yuko peke yake. Nyuma yake hakuna mlima wala jua linalozama. Ni rangi moja, pengine kijichaka, pengine ndege, na mnyama aliyejaza ubao hadi kwenye kingo kama aliyeingizwa chumba kidogo. Na mara nyingi, hasa kwa chui na simba, mwili umechorwa kwa ubavu, miguu yote minne inaonekana, lakini kichwa kimegeuzwa mbele na macho yote mawili yanakuelekea wewe. Mtaalamu wa mwili wa mnyama atasema shingo haigeuki hivyo. Mtu aliyewahi kukutana na mnyama porini, hata kama ni nyani tu kandokando ya barabara ya Mikumi, atasema hivyo ndivyo inavyokuwa: alikuwa anapita zake, akasimama, akageuka. Kinachobaki kichwani mwako miaka mingi baadaye ni ule mgeuko.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi Tingatinga jijini Dar es Salaam, wakimdhania mhalifu anayetoroka. Akafa. Alikuwa amechora kwa muda wa miaka minne tu. Aliowafundisha, wengi wao ndugu na watu wa kwao kusini, kina January Linda, Kasper Henrick Tedo na Simon Mpata, waliendelea, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 chama cha ushirika kikaanzishwa ambacho bado kipo. Mwaka 2010 mtindo huo ulifika hata kwenye televisheni za watoto wa Uingereza, kwa katuni za Tinga Tinga Tales zilizotengenezwa Nairobi, zenye hadithi za kwa nini tembo ana mkonga na mfano wake.

Nina neno na kilichofuata, na nalisema nikijua kwamba wachoraji wana watoto wa kusomesha. Picha zilijaa. Chui akaongezewa twiga, twiga akaongezewa pundamilia, nyuma yao ukawekwa Mlima Kilimanjaro na theluji yake, wanyama wakapangwa safu kama abiria kituoni. Mgeni anakuja na orodha ya alivyoviona Serengeti, na mchoraji anamrudishia orodha yake kwa rangi. Nimekutana na wachoraji hodari ambao hawajawahi kumwona tembo kwa macho, na siwalaumu, kwani kiingilio cha mbugani si nauli ya daladala. Lakini katika banda hilohilo, chini ya meza, alikuwa amelala paka mwenye sikio moja, mtu mzima, anayelishwa dagaa na kila mtu. Nikauliza kama kuna aliyewahi kumchora. Wakacheka. Nani atamnunua?

Picha za watu walioishi na wanyama wao ziko kwingine. Panda gari la barabara ya Arusha kwenda Dodoma, ushuke Kolo, kijiji kilicho kaskazini mwa mji wa Kondoa. Humo vilimani kuna vibanda vya mwamba zaidi ya 150 vyenye michoro, ambavyo UNESCO iliviingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mary Leakey alikwenda huko mwaka 1951 kuinakili michoro kwa karatasi angavu, na kitabu chake kikatoka mwaka 1983. Michoro ya zamani zaidi ni myekundu, ya mistari myembamba inayoonyesha mkono usio na wasiwasi: twiga, tembo, pofu, na watu warefu wembamba wenye vichwa vilivyofura, vingine huwezi kuapa kama ni vya mtu au vya mnyama. Juu yake, karne nyingi baadaye, wakulima walipaka michoro yao myeupe, minene, ya haraka.

Ukisimama mbele ya pofu wa Kolo unaona kwamba aliyemchora alijua uzito wa mnyama yule uko wapi: mabegani, na kwenye ile ngozi inayoning'inia shingoni. Watu hawa waliwawinda pofu, wakawala. Wala haikuwazuia kuwachora kwa adabu. Wasandawe, ambao nchi yao iko upande wa Chemba, hawako mbali na miamba hiyo, nao wana ngoma iitwayo simbo, ambayo mchezaji hupandwa na hali na kuwa simba. Watafiti kadhaa wameitumia ngoma hiyo kujaribu kuisoma michoro, wakisema huenda aliyechora alikuwa akieleza safari ya mtu kutoka katika umbo lake na kurudi. Mimi si mtaalamu wa miamba. Ila naona tofauti kati ya kuchora simba uliyemwona na kuchora simba uliyekuwa.

Katika pango moja liitwalo Mungomi, wenyeji bado huenda kuomba mvua na afya, na katika ibada hiyo pombe ya mtama hurushwa ukutani, juu ya michoro. Wahifadhi wanalalamika, na wana haki, kwa sababu pombe inaila rangi. Lakini nikilinganisha mlinzi anayeziwekea picha uzio na bibi anayezinywesha, najua ni yupi kati yao anayeamini kwamba kuna mtu nyumbani.

Pwani walikwenda mbali zaidi, wakakipa macho chombo. Mtepe, ule uliokuwa ukishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja na kusukumwa na tanga la mkeka, ulikuwa na omo iliyorefushwa mbele kama shingo na kichwa cha ngamia, na pande zote mbili umechorwa jicho. Wazee wa Visiwa vya Lamu na nchi ya Wabajuni husema ni ukumbusho wa ngamia wa Mtume. Mitepe ilikwisha mwanzoni mwa karne ya 20, lakini tembelea gati ya Lamu leo utaona jahazi bado lina vibao vya duara viwili omoni, kushoto na kulia, vimechongwa na kupakwa rangi. Muulize nahodha ni nini. Ni macho. Chombo kitaonaje njia?

Wakati mwingine kukosa kuonana huzaa kazi kubwa vilevile, ila ya namna nyingine. Mwezi Mei mwaka 1515 kifaru kutoka Gujarat, India, alishushwa Lisbon. Meli iliyomleta ilikuwa imepitia bahari yetu hii, ikizunguka kusini mwa Afrika. Ulaya ilikuwa haijamwona kifaru tangu enzi za Warumi. Albrecht Dürer, fundi mkubwa wa Nuremberg, hakumwona kabisa: alipata barua na mchoro wa mtu mwingine. Kwa hivyo viwili akachonga kibao cha chapa, akamtoa kifaru aliyevaa mabamba kama deraya ya askari, miguu yenye magamba, na pembe ndogo ya ziada mgongoni ambayo hakuna kifaru aliyezaliwa nayo. Chapa ile ilisambaa, na kwa zaidi ya karne mbili Wazungu waliamini ndivyo kifaru alivyo. Kifaru mwenyewe, mapema mwaka 1516, alizama na meli karibu na pwani ya Italia akipelekwa zawadi kwa Papa Leo wa Kumi. Alikuwa amefungwa minyororo. Vifaru huogelea.

Kisha kuna ubunifu ambao mnyama yumo mwili mzima, ila hayupo. Kuna siwa ya Pate, ile baragumu ya pembe ya ndovu iliyochongwa karne ya 17, ambayo sasa imo katika makumbusho ya Lamu. Ni kazi ya kukunyamazisha. Bado ukiitazama unakumbuka ndovu, kwa sababu mpindo wa pembe umeachwa jinsi ulivyokuwa, na sauti inayotoka humo ni jamaa ya sauti ya mwenye pembe. Mchongaji hakumficha aliyekufa.

Pembe nyingi zilizopita pwani hii hazikupata heshima hiyo. Katika karne ya 19 zilitoka bara mabegani mwa wapagazi hadi Bagamoyo, zikavuka Unguja, na kutoka hapo shehena baada ya shehena zikaenda Connecticut, Marekani, kwenye miji miwili midogo, Deep River na mwenzake uliokuja kuitwa Ivoryton, yaani mji wa pembe. Huko zilikatwa vipande vyembamba, vikaanikwa juani ndani ya nyumba za vioo hadi vikawa vyeupe kabisa, vikabandikwa juu ya vibao vya kubonyeza vya piano. Binti wa Boston alijifunza nyimbo za kanisani kwa vidole vilivyokaa juu ya ndovu wa Unyamwezi au Manyema, na hapakuwa na kitu chochote pale sebuleni cha kumwambia hivyo. Kadiri fundi alivyokuwa stadi, ndivyo mnyama alivyotoweka. Nimewahi kugusa piano moja ya zamani ya aina hiyo. Vibao vina ubaridi kidogo, halafu vinashika joto la kidole haraka. Ukiangalia kwa karibu unaona michirizi myembamba kama ya mti. Hicho tu ndicho kilichobaki kwa ndovu.

Sasa nitakupeleka mahali ambapo vitabu vya sanaa haviendi: mnadani. Mnada wenyewe siutaji. Fuso lilikuwa limerudishwa kinyumenyume mpaka kwenye mteremko wa udongo wa kupakilia, ng'ombe kama ishirini wakaswagwa kuingia. Wa kwanza akafika mlangoni akagoma. Wapakiaji wakampiga fimbo, mmoja akamkunja mkia, mwingine akamtukana mama yake. Ng'ombe akatetemeka, akarudi nyuma, akawarudisha wenzake wote. Ikaenda hivyo kwa dakika kumi. Akapita mzee mmoja, nadhani alikuwa anatafuta mbuzi wake, akasimama, akainama kidogo mpaka kichwa chake kikawa usawa wa kichwa cha ng'ombe. Akaenda hadi mlangoni mwa Fuso, akautoa mfuko wa rambo mweusi uliokuwa umenasa kwenye bawaba ukipepea. Akaondoka bila kusema neno. Ng'ombe akanusa sakafu, akapanda.

Mzee yule na mwanamke mmoja wa Marekani wangeelewana sana. Temple Grandin alizaliwa Boston mwaka 1947, na ana usonji. Utotoni alichelewa kusema, sauti zilimuumiza, kuguswa kulimtisha. Akiwa msichana alikwenda kukaa shambani kwa shangazi yake Arizona, akaona ng'ombe wakiingizwa kwenye kizuizi cha kubana mbavu ili wachanjwe, na akaona kwamba baadhi yao, wakishabanwa, hutulia. Akajitengenezea cha kwake, cha mbao, chenye mito ubavuni. Hofu ikapungua. Nijuavyo mimi, hakuna samani nyingine iliyobuniwa na binadamu kwa kumwiga ng'ombe akiwa katika shida yake.

Miaka ya 1970, akiwa katika mazizi makubwa ya Arizona, Grandin alifanya jambo lililowachekesha wafugaji: aliingia mwenyewe kwenye njia ya kuswagia ng'ombe, akachutama, na kupiga picha kutoka usawa wa macho yao. Kilichowagomesha kikaonekana. Mnyororo unaoning'inia na kucheza. Kivuli kinachokata njia. Maji sakafuni yanayong'ara. Koti la mvua la njano lililotundikwa uani na mtu aliyelisahau. Ng'ombe huona karibu mzunguko mzima kumzunguka, isipokuwa nyuma yake kabisa. Jambo ambalo mtu halioni hata akiliangalia, kwake ni tukio. Akabuni njia za kuta zilizozibwa na zenye mpindo: zimezibwa ili asione pilika za pembeni, zimepinda ili asione mwisho, na kwa sababu ng'ombe hupenda kuzunguka kurudi alikotoka. Leo karibu nusu ya ng'ombe wa Marekani na Kanada wanaopelekwa machinjoni hupitia vifaa alivyovibuni yeye.

Ndiyo, machinjoni. Wako wanaosema kumtuliza mnyama akielekea kisuni ni ukatili uliotiwa sukari. Nimelifikiria neno hilo, na sikubaliani nalo. Sisi tunaokula nyama ya ng'ombe aliyekunjwa mkia hatuna mahali pa kusimama tukamhukumu mwanamke aliyechutama. Na katika habari ya kuona, naye yuko pamoja na mchoraji wa pofu: amemla mnyama, na amemjua.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba kila kiumbe huishi kwa macho. Kosa hilo lilisahihishwa Morogoro.

Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kuna shirika la APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997 na Bart Weetjens na kuhamia Morogoro mwaka 2000. Wanafundisha panya buku. Wasomaji wengi wa kitabu hiki wanamfahamu panya huyu kwa jina la mwizi wa mihogo, na kuna sehemu za nchi wanamfahamu kwa ladha. Ana uzito wa kilo moja na ushei, huishi miaka kama minane, huona hafifu, na pua yake inashinda mashine. Akinusa baruti iliyofukiwa hukwaruza udongo. Mabomu ya ardhini yanataka mzigo mzito zaidi yake ili yalipuke, kwa hiyo hupita juu yake salama.

Ukimtazama panya kazini utaona ubunifu mdogo usiojisifu. Kuna mkanda laini unaozunguka kifua bila kuzuia mikono ya mbele, kwa sababu bila mikono hiyo hawezi kusema alichokipata. Mkanda umeunganishwa kwenye kamba iliyokazwa kati ya watu wawili, naye huenda na kurudi juu ya mstari, kisha watu husogea hatua ndogo na mstari husogea nao. Kuna kidude kinacholia “tak” anapopatia, na baada ya tak huja ndizi. Kwa kuwa yeye ni mnyama wa usiku, hufanya kazi alfajiri, na kabla jua halijapanda hupakwa masikioni na mkiani mafuta ya kuzuia kuungua. Hebu fikiria mkutano ambao jambo hilo liliamuliwa: mtu aliinua mkono akasema, masikio yao yanaungua. Sijui kama kuna hotuba juu ya mapenzi kwa wanyama inayoifikia sentensi hiyo.

Magawa, aliyezaliwa Tanzania Novemba 2013 na kufundishwa Morogoro, alipelekwa Kambodia mwaka 2016. Alipata mabomu ya ardhini 71 na silaha nyingine 38 ambazo hazikuwa zimelipuka. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimpa nishani ya dhahabu ya ushujaa, ambayo hadi wakati huo lilikuwa halijampa panya. Akavalishwa kwenye mkanda wake wa kazi. Alistaafu mwaka 2021, akafa Januari 2022. Yuko katika picha nyingi, amesimama kwa miguu ya nyuma, nishani kifuani. Zinachekesha kidogo, nami sioni ubaya. Ni sisi tuliohitaji nishani. Yeye alihitaji ndizi.

Hapohapo Morogoro kundi jingine limefundishwa kunusa magendo. Panya huvaa kifulana chekundu chenye kijipira kidogo shingoni. Akipata harufu aliyofundishwa, hukivuta kwa mikono, kifulana kinalia. Fulana ya namna hiyo huwezi kuibuni ukiwa umesimama wima. Lazima kwanza ukae sakafuni saa nyingi uangalie mikono ya panya inapenda kufanya nini, na mikono ya panya inapenda kushika na kuvuta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha panya wanane waliomaliza mafunzo wakitambua vitu vinne kati ya harufu 146 nyingine. Vitu hivyo ni magamba ya kakakuona, pembe ya kifaru, mpingo, na pembe ya ndovu. Walivitambua hata vilipofichwa ndani ya kahawa, sabuni ya unga na nywele za bandia. Wamejaribiwa pia katika bandari ya Dar es Salaam, kwenye mizigo iliyokuwa ikisubiri kupakiwa melini.

Kutoka lango la bandari hiyo hadi banda la Tingatinga ni mwendo wa daladala, kama hakuna foleni. Chui wa manjano ameshauzwa. Nilimwomba mchoraji anichoree panya buku mwenye fulana nyekundu. Alinyamaza kidogo, akaniuliza macho yake yakoje. Nikamwambia madogo, meusi, hayaoni vizuri. Akasema hapo ataanzia puani.